Kamina: Kabla ya kupeleka pikapu porini, pima kwanza uzito wake

Katika mji mkuu wa Haut-Lomami, wanaotaka kwenda porini kwa siku mbili tatu huanza mara nyingi kwa kuuliza ni kitu gani cha kuongeza kwenye motokari. Swali linalookoa safari, na wakati mwingine maisha, ni lingine: motokari hii imebakiza kilo ngapi?

Ni picha ambayo mkaaji yeyote wa Kamina anaijua. Asubuhi na mapema, pikapu imesimama mbele ya nyumba. Nyuma kuna magunia, bidoni za njano, magodoro mawili, mbuzi mmoja, na juu ya hayo yote watu sita wameshika kamba. Springi za nyuma zimelala kabisa, pua ya motokari inatazama mbinguni. Dereva anazunguka mara moja, anapiga mpira mmoja teke, anaingia na kuwasha. Wanaobaki wanapunga mkono.

Kinachofuata kinajulikana pia. Kwenye mchanga, motokari inazama. Watu wanashuka, wanasukuma, wanapanda tena. Kwenye shimo la kwanza kubwa, springi inavunjika. Giza linaingia, hakuna maji ya kunywa, na beleshi limeachwa nyumbani kwa sababu nafasi ilikosekana. Hiyo ni ajali ndogo. Ile kubwa ni pale pikapu inapoinama upande mmoja na wale waliokaa juu ya mzigo wanatupwa chini pamoja na magunia.

Kulala porini na motokari si mchezo wa watalii peke yao. Mchuuzi anayefuata samaki kwenye maziwa ya Upemba hulala njiani. Muuguzi anayepeleka chanjo vijijini hulala njiani. Familia inayokwenda kwenye matanga Kabongo au Malemba-Nkulu inaweza kulala njiani hata kama haikupanga. Na wapo pia wale wanaotaka tu kuona nchi yao, kupiga hema chini ya miti ya miombo na kuamka na ndege. Wote hao wanahitaji motokari iliyoandaliwa kwa namna moja.

Mji wa reli

Ili kuelewa kwa nini motokari inateseka hapa, inafaa kukumbuka kwamba Kamina ulikua kwa sababu ya treni. Reli kutoka Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ikaendelea kupitia Kamina hadi Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, kwenye mto Kasai. Mwaka 1956 njia nyingine kutoka Kamina ikaungana na Kabalo. Mji ukawa njia panda ya reli, na kwa miaka mingi mzigo mzito wa eneo hili ulikwenda kwa treni.

Barabara zilibaki nyuma. Siku hizi treni za SNCC hazitoshi tena, na mzigo ambao zamani ungelala ndani ya behewa sasa unabebwa na kamio, pikapu, pikipiki na baiskeli. Jimbo lina maeneo matano: Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu. Eneo lote linazidi kilomita za mraba 100,000, karibu mara nne ya nchi ya Burundi. Nje ya miji, njia ni ya udongo, na sehemu nyingi za upande wa Kamina ni mchanga.

Mchanga hauna huruma kwa motokari nzito. Tope la mvua, kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa nne, halina huruma pia. Ndiyo sababu jambo la kwanza katika maandalizi ni uzito. Wazee walilijua hilo kabla ya motokari kufika: katika misafara ya zamani, mpagazi alipewa mzigo wa karibu kilo 30, na aliyepanga msafara alijua kwamba ukimzidishia, hatafika. Pikapu ni mpagazi pia.

Hesabu ya kilo

Pikapu zinazojulikana zaidi katika kazi hii, Toyota Land Cruiser ya safu ya 70 na Toyota Hilux, zinabeba karibu tani moja, kidogo juu au chini kulingana na muundo. Namba kamili hupatikana kwa kutoa uzito wa motokari tupu kutoka uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji. Tani hiyo moja ni pamoja na watu, mazuti ya akiba, na kila chuma kilichoongezwa baada ya motokari kutoka kiwandani. Na ilipangwa kwa motokari yenye springi nzima. Kwa njia za kwetu, ni busara kuishia kwenye robo tatu, yaani kilo 750.

Tuchukue mfano. Watu watano wanatoka Kamina kwa siku nne, kilomita 400 kwenda na kurudi.

Watu watano, kwa wastani wa kilo 65 kila mmoja, ni kilo 325. Maji, lita 5 kwa mtu kwa siku, ni lita 100, na lita moja ya maji ni kilo moja: kilo 100. Mazuti ya akiba, bidoni tatu za lita 20, ni kama kilo 55 pamoja na bidoni zenyewe. Mipira miwili ya akiba na vyuma vyake ni karibu kilo 70. Kriki, beleshi, kamba, mbao na vyombo vya fundi, kilo 60. Chakula, sufuria na mbabula, kilo 50. Magodoro, vyandarua, blanketi na bashi, kilo 40. Mfuko wa kila mtu, kilo 10, jumla 50.

Jumlisha: kilo 750. Tumefika, na hatujaongeza pambo lolote.

Sasa weka vile vitu vinavyoonekana kwenye picha za motokari za safari. Chuma kizito cha mbele pamoja na winchi ya umeme vinaweza kufika kilo 110. Fremu ya chuma ya kubebea mizigo juu, iliyochomelewa na fundi wa mtaani kwa bomba nene, kilo 80. Hema la kufunga juu ya paa, kilo 60. Hizo ni kilo 250, na motokari imejaa hadi ukingo kabla ya kutoka mtaani. Rafiki mmoja akiomba umbebee gunia lake moja la mahindi la kilo 100, mmevuka mpaka.

Hakuna haja ya kubahatisha. Palipo na bohari ya mahindi pana mizani. Peleka vitu vyako, vipime kimoja kimoja, andika kwenye karatasi. Ni kazi ya saa moja. Baada yake ni rahisi kujua cha kuacha, na mara nyingi kinachoachwa ni kile kilichogharimu pesa nyingi zaidi.

Pesa ziende wapi

Kama una pesa kidogo za kuandaa pikapu, anza na vitu visivyoonekana.

Kwanza ni mipira. Mipira minne yenye meno mazuri na isiyo na nyufa ubavuni inafaa kuliko taa kumi za mbele. Beba ya akiba miwili, pampu inayofanya kazi, kipima hewa, viraka na gundi. Wenye mipira ya chumba cha ndani wabebe vyumba viwili vipya.

Pili ni springi za nyuma. Mtu akiona springi zimelala huongeza bapa moja au mawili ya chuma ili motokari isimame juu. Hilo linasaidia motokari isigonge, lakini haliongezi nguvu ya ekseli, ya breki wala ya fremu. Motokari iliyosimama vizuri inaweza kuwa imezidi uzito vilevile, na sasa dereva haoni tena dalili. Bapa lililopasuka libadilishwe. Kuongeza mabapa ili kubeba zaidi ni kuhamisha uvunjikaji kutoka springi kwenda mahali pabaya zaidi.

Tatu ni breki, mabomba ya maji ya radieta, mikanda, na filta ya hewa. Wakati wa kiangazi, vumbi la kamio lililo mbele linaweza kuziba filta kwa siku moja. Fungua kila jioni, ikung'ute taratibu, na beba moja mpya. Fundi wa kijijini anaweza kuchomelea fremu, lakini hawezi kukutengenezea filta.

Nne ni namna ya kupanga. Vitu vizito, kama maji, mazuti na mipira, vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabini. Vitu vyepesi vikae juu na nyuma. Paa ni la magodoro na mikeka. Kilo 100 juu ya paa zinaweza kuangusha motokari kwenye mteremko ambapo kilo zile zile sakafuni zisingefanya kitu. Kila kitu kifungwe kwa kamba, kwa sababu kriki isiyofungwa inageuka silaha motokari ikiruka shimo. Mazuti yakae mbali na unga na maji ya kunywa, na bidoni ya esansi isiwekwe ndani ya kabini.

Mchanga, tope na nyasi

Kwenye mchanga, kifaa bora kinapatikana bure: ni kutoa hewa. Kama mipira ya nyuma ina bar 3 kwenye njia ngumu, kwenye mchanga mrefu inaweza kushushwa hadi karibu bar 1.5. Mpira unalala, unakuwa mpana, unapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Lakini mwendo uwe wa polepole, kona zisikatwe kwa ghafula, na mpira ujazwe tena mara tu njia inapokuwa ngumu. Wenye vyumba vya ndani wasishushe sana, maana mpira unaweza kuteleza kwenye chuma chake na kukata mdomo wa chumba. Ndiyo maana pampu si kitu cha kusahau.

Motokari ikizama, acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa gurudumu ni sentimeta nyingine chini. Toa mzigo, chimba mbele ya magurudumu yote manne, weka mbao mbili nene, toka taratibu. Kriki nayo inahitaji ubao mpana chini yake, la sivyo itaingia mchangani na motokari itabaki pale pale. Mkivutwa na kamio, kamba ifungwe kwenye fremu, na watu wote wakae mbali. Kamba au kebo ikikatika ikiwa imevutwa kwa nguvu inaweza kuua mtu aliyesimama akitazama.

Kwenye kijito, mtu ashuke na fimbo apime kwanza, akiwa ameuliza wanakijiji kuhusu mamba. Ukiona maji yanapita juu ya kitovu cha gurudumu na yanakwenda kwa nguvu, subiri. Mito mingi midogo hupungua saa chache baada ya mvua kuisha. Kulala upande huu wa mto si aibu.

Kuna hatari moja ambayo wageni hawaifikirii: nyasi. Kiangazi, njia zisizopitwa sana zina nyasi ndefu katikati. Mbegu zake zinaziba radieta na injini inachemka. Wavu mwembamba wa mbu uliofungwa mbele ya radieta unatosha kuzizuia, ilimradi usafishwe kila kituo. Chini ya motokari, nyasi kavu hujikusanya juu ya bomba la moshi lenye joto, na pikapu inaweza kuwaka moto ikiwa imesimama. Kila saa moja au mbili, dereva alale chini, atazame, atoe nyasi kwa fimbo. Na ndoo ya mchanga au kizima moto kiwe karibu na mkono wake.

Kitanda cha mbao na chandarua

Upande wa kulala, seremala yeyote wa Kamina anaweza kukusaidia zaidi ya duka la vifaa vya nje. Jukwaa la mbao nyepesi nyuma ya pikapu, lenye masanduku chini yake, linakupa kitanda juu na stoo chini. Pikapu ya kabini moja ina nafasi ya kutosha mtu mzima kunyoosha miguu. Ile ya kabini mbili ni fupi, karibu mita moja na nusu, kwa hiyo mlango wa nyuma ufunguliwe na ubao urefushwe hadi hapo. Wawili walale juu, wengine walale kando chini ya bashi iliyovutwa kutoka ubavuni mwa motokari, kwenye mikeka na ndani ya vyandarua. Kazi hiyo yote haifikii uzito wa hema moja la juu ya paa.

Chandarua ni lazima. Kamina uko juu, zaidi ya mita 1,000, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi kweli. Lakini ukishuka kwenye bonde la Upemba, kando ya Lualaba na maziwa yake, mbu ni wengi na malaria ni ugonjwa wa kila siku. Chandarua chenye dawa kina uzito wa chini ya kilo moja. Hakuna kitu kingine kwenye orodha yetu kinachofanya kazi kubwa hivyo kwa uzito mdogo hivyo.

Baridi hiyo ya kiangazi inaleta hatari nyingine. Usiingize mbabula yenye makala ndani ya kabini au chini ya bashi iliyofungwa pande zote, na usilale ndani ya motokari injini ikiwaka. Moshi wa makala una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Piga kambi kabla jua halijazama, mbali na mto. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hufuata njia zao bila kujali hema lako. Safisha nyasi mahali pa moto, na uuzime kwa maji asubuhi. Kwa taa, balbu ndogo za LED na paneli ndogo ya jua zinatosha. Usimalize batri inayowasha injini kwa muziki wa usiku kucha, maana kusukuma pikapu kwenye mchanga ili iwake ni kazi ya bure.

Maji kabla ya yote

Mtu akitaka kupunguza mzigo, maji yawe ya mwisho kuguswa. Maeneo ya Bukama, Malemba-Nkulu na Kinkondja, kandokando ya maziwa, yanajulikana kwa kolera miaka mingi. Maji ya ziwa yanaweza kuonekana safi na yakakuletea ugonjwa unaoweza kuua kwa saa chache kwa kukausha mwili. Beba maji kutoka nyumbani katika bidoni tano za lita 20 badala ya pipa moja: zinapangika vizuri, na moja ikipasuka hamkosi yote. Yale mnayoongeza njiani yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Beba pia pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, sabuni, na dawa zenu za kawaida.

Kabla ya kuwasha

Yabaki mambo ambayo hayana uzito kabisa. Makaratasi ya motokari na ya kila abiria yawe kamili, maana baryeri ni nyingi na kila moja ina maswali yake. Ukifika kijijini, mtafute chifu kwanza, umsalimie, umwambie mnataka kulala wapi. Mgeni aliyejitambulisha anapewa mtu wa kumwonyesha mahali pazuri; asiyejitambulisha anatiliwa shaka.

Hifadhi ya taifa ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, iko chini ya ICCN, na hakuna kulala ndani yake bila ruhusa. Kati ya 1946 na 1949 wanasayansi wakiongozwa na Gaston-François de Witte waliizunguka wakikusanya wanyama na mimea. Leo ni mahali pekee nchini ambapo punda milia bado wanaishi porini. Lakini ni eneo ambalo makundi yenye silaha yamepita pia. Ulizia hali ya usalama siku ile ile ya kuondoka, kwa wenye mamlaka na kwa madereva waliotoka huko. Na msipige kambi wala picha karibu na kituo cha kijeshi cha Kamina.

Mwisho, mwachie mtu mmoja nyumbani karatasi: njia mtakayopita, majina yenu, namba ya motokari, na siku ya kurudi. Mtandao wa simu unakatika mara tu mnapoacha mji. Kama siku imepita na hamjaonekana, mtu huyo ndiye atakayejua waanzie wapi kuwatafuta.

Turudi kwa ile pikapu ya asubuhi. Haihitaji chuma kipya. Inahitaji mtu mmoja mwenye ujasiri wa kusema kwamba watu wawili wasubiri safari nyingine, kwamba gunia lile lishuke, na kwamba beleshi lirudi ndani. Jirani anaweza kununa. Shemeji anaweza kusema umebadilika tangu upate motokari. Vumilia maneno hayo. Jioni, kilomita 100 mbele, bukari ikiiva kwenye mbabula na springi zote zikiwa nzima, hakuna atakayeuliza gunia liko wapi.